Nguru wa Bagamoyo: Namna ya Kumtambua, Kumnunua na Kumfikisha Jikoni Salama

Ukifika soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha, utakuta meza zimejaa changu, tasi, pono, vibua na pweza. Pembeni, mara nyingi juu ya turubai au meza yake mwenyewe, amelazwa samaki mrefu wa rangi ya fedha ambaye watu humuulizia bei mara mbili kabla ya kuamini. Huyo ndiye nguru. Ni samaki wa harusi, wa futari, wa mgeni aliyetoka mbali. Ukimpata akiwa bado mbichi kabisa, sijui samaki mwingine wa kumshinda kwenye mchuzi wa nazi. Ila nguru ana namna yake ya kuharibika ambayo macho na pua huchelewa kuigundua, na aliyeharibika anaweza kuwalaza watu wa nyumba nzima siku hiyohiyo.

Mwongozo huu nimemwandikia anayenunua kwa ajili ya nyumbani, mamalishe anayenunua kwa ajili ya wateja, na yule anayetoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi akitaka kurudi na samaki wa wiki. Naanza na maisha ya nguru baharini, kwa sababu karibu kila utakachokikagua sokoni kinatokana na namna anavyoishi huko.

Kwa wataalamu anaitwa Scomberomorus commerson, na yuko jamii moja na jodari na vibua. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kushuka na pwani yetu mpaka Afrika Kusini, na upande wa mashariki mpaka Australia, Japani na Fiji. Anaweza kufika urefu wa mita 2.4 na uzito wa kilo 70, ingawa wanaoletwa sokoni wengi ni wadogo kuliko hapo kwa mbali. Hana kile kibofu cha hewa ambacho samaki wengi huwa nacho tumboni kuwasaidia kuelea, kwa hiyo akiacha kuogelea anazama. Maisha yake yote ni mwendo. Anafukuza dagaa, vibua wadogo na ngisi kwa kasi, anawakata kwa meno, kisha anageuka kuokota vipande.

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam inamfaa sana. Mto Ruvu unamwaga maji karibu na mji wa Bagamoyo, na Wami juu zaidi kuelekea Saadani. Mito hiyo miwili inaleta tope na rutuba kwenye Mkondo wa Zanzibar, na hapo ndipo kamba na samaki wadogo wanapokulia. Nguru wachanga hukaa karibu na ukanda huu wa maji machafumachafu ya kina kifupi. Wakubwa huzunguka kwenye kingo za miamba na maji ya mkondo, wakifuata makundi ya dagaa. Ndiyo maana juya linalokokotwa ufukweni, ambalo kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zimelikataza, linawadhuru nguru hata kama mwenye juya hakuwakusudia. Linakusanya watoto wao kabla hawajafika popote.

Mkague kwanza kama kweli ni nguru

Usione aibu kumgeuza samaki na kumtazama vizuri, mchuuzi mzuri hakukatazi. Mgongo wa nguru ni wa buluu iliyochanganyika na kijivu, ubavu ni wa fedha, na juu ya ubavu kuna mistari ya wima, myembamba, yenye mawimbi. Kwa mkubwa inaweza kufika 40 au 50. Kwa mdogo ni michache, mara nyingi haifiki 20, na hufanana zaidi na madoa. Sasa fuata kwa kidole ule mstari mmoja wa ubavuni unaotoka nyuma ya kichwa kwenda mkiani. Unakwenda karibu sambamba na mgongo, halafu ukifika chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni unaporomoka ghafla, kisha unaendelea kwa mawimbi hadi mkiani. Kuporomoka huko nyuma ndiko alama yake kubwa. Nyuma ya pezi hilo, juu na chini, kuna vipezi vidogo vidogo vilivyopangana kuelekea mkiani. Ukifungua mdomo (kwa kalamu au kijiti, si kwa kidole), utaona meno ya pembetatu yaliyosimama kwa safu moja, bapa na makali.

Watakaokuchanganya ni watatu. Kuna ndugu yake wa karibu ambaye mistari yake imelala, inakwenda kwa urefu wa mwili na kukatikakatika. Huyo naye ni mtamu, na bei ikiwa nzuri mchukue bila wasiwasi. Kuna mwingine mrefu zaidi, mwenye mdomo uliochongoka, pezi la kwanza la mgongoni refu mno, na ule mstari wa ubavuni umeporomoka mapema, chini ya pezi hilo la kwanza. Nyama yake inafaa pia, ila hukauka upesi jikoni. Wa tatu ni mzia, na huyu ndiye wa kuangalia, hasa pale anapouzwa vipande. Mzia ana magamba yanayoonekana wazi, mapezi yake mawili ya mgongoni yameachana sana, taya la chini limetokeza mbele, na hana vile vipezi vya mkiani. Kwa hiyo ukinunua vipande, nunua vyenye ngozi. Ngozi ya nguru ni laini, magamba yake ni madogo kiasi kwamba mpaa samaki hapati kazi nayo, na ile mistari ya kijivu inabaki hata baada ya kukatwa. Kipande kilichochunwa ngozi kinaweza kuwa cha samaki yeyote.

Ukubwa

Nguru hukua haraka. Mwaka wake wa kwanza tu anaweza kupita nusu mita, na wengine huishi zaidi ya miaka 20. Wengi huanza kuzaa wakifika kati ya sentimita 70 na 80 au zaidi, ukipima kutoka ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia. Mwenye sentimita 70 ana kama kilo mbili na nusu, na mwenye mita moja ana kilo saba hivi. Mimi simnunui aliye chini ya sentimita 80, na nakuomba nawe usimnunue. Hajazaa bado, au amezaa mara moja tu, na nyama yake haina mafuta ya kutosha kukupa ule utamu unaoulipia. Wenzetu wa Oman, ambako ndugu wengi wa pwani hii wanaishi, wamelifanya jambo hili kuwa sheria. Kila mwaka wanafunga uvuvi wa nguru kuanzia Agosti 15 hadi Oktoba 15, na hawaruhusu aliye chini ya sentimita 65. Sisi tunaweza kuanza na kapu. Pima ukanda wa kapu lako nyumbani, funga uzi mwekundu kwenye sentimita 80, na utakuwa na kipimo sokoni bila kubishana na mtu.

Mkubwa kupita kiasi naye si chaguo langu. Samaki wawindaji wanaoishi miaka mingi hujilimbikizia zebaki mwilini. Mamlaka za afya za Marekani zinawashauri wajawazito wasile kabisa ndugu yake nguru wa Bahari ya Atlantiki. Kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, vibua na dagaa ni bora zaidi, tena ni nafuu. Kwa wengine, nguru wa kilo nne hadi kumi ndiye mwenye nyama nzuri na vipande vinavyoenea sufuria.

Uliza alivuliwaje

Swali hili watu wengi hawaliulizi, na kwangu ndilo la kwanza. Nguru wa Bagamoyo huja kwa njia mbili kuu. Wapo wanaovuliwa kwa mshipi, ama mvuvi ametia nanga, ama anarambaza, yaani anakokota chambo huku ngalawa au boti inakwenda. Karibu na ndoana lazima kuwe na waya, maana meno yale hukata nailoni mara moja. Na wapo wanaovuliwa kwa jarife, ule wavu wa matundu makubwa unaotegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa kuwa mchana nguru huuona wavu na kuukwepa.

Tofauti iko kwenye muda. Wa mshipi anaingia chomboni akiwa hai. Wa jarife anaweza kuwa amenasa saa tatu usiku, akafa mara moja kwa kushindwa kuogelea, kisha akakaa kwenye maji ya joto la nyuzi 27 au 28 hadi alfajiri, halafu akalala kwenye sakafu ya boti mpaka ufukweni. Sina ugomvi na wavuvi wa jarife, wanavua kihalali na wengi wanabeba barafu. Lakini ukiwa na nafasi ya kuchagua, lipa zaidi kidogo kwa wa mshipi. Utamjua kwa tundu la ndoana pembeni mwa mdomo, na ngozi yake haina michubuko. Wa jarife ana alama za nyuzi zilizombana nyuma ya matamvua au kwenye mabega, na mara nyingine ngozi hapo imechunika.

Ipo njia ya tatu, ya baruti, ambayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaikataza na ambayo iliitesa miamba ya ukanda huu kwa miaka mingi. Samaki wa baruti ana damu iliyovilia kando ya uti wa mgongo, mara nyingi uti wenyewe umevunjika, na nyama inamomonyoka. Usimnunue kwa bei yoyote ile, na umwambie muuzaji kwa nini.

Ubichi, na hatari isiyonusa

Alama za kawaida unazijua: macho yametuna na yanang'aa, matamvua mekundu yasiyo na utelezi wa kahawia, nyama inarudi ukiibonyeza kwa kidole, tumbo gumu, harufu ya bahari tu. Kwa nguru ongeza mbili. Tazama rangi ya ubavu. Aliye mbichi ana mng'ao wa buluu mgongoni, aliyekaa juani amefifia na kuwa kijivu cha majivu. Kisha shika mkia na umwinue. Akiwa amekakamaa ametoka majini karibuni. Aliyelegea na kupinda anaweza bado kuwa mzuri, ila uliza kwa undani zaidi.

Sasa lile kubwa. Misuli ya samaki waendao kasi kama nguru, jodari na vibua ina kiasi kikubwa cha histidini, kiini cha protini kinachowasaidia kuhimili juhudi za kuogelea bila kupumzika. Samaki akishakufa na kukaa kwenye joto, bakteria wa ngozini, kwenye matamvua na matumboni huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Saa chache kwenye jua la Bagamoyo zinatosha. Histamini ikishaingia kwenye nyama haitoki tena. Kuchemsha hakuiui, wala kukaanga, kuweka ndimu, kugandisha, kukausha au kupaka chumvi. Na samaki mwenye histamini nyingi anaweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo. Kwa sababu hiyo barafu ina uzito kuliko macho na matamvua. Nguru aliyefukiwa kwenye barafu tangu chomboni, hata kama ni wa jana, ni salama kuliko wa leo aliyelala mezani tangu asubuhi.

Anayekula samaki wa namna hiyo huhisi mdomo unawasha kama amekula pilipili. Kisha, katika dakika chache au saa moja, mbili hivi, uso na shingo hupata joto na wekundu, kichwa huuma, moyo hudunda, mwili huwasha, na pengine huharisha au kutapika. Watu husema "nguru ananidhuru" na kuacha kumla maisha yote, kumbe tatizo lilikuwa ni joto, si nguru. Ukihisi mwasho huo kwenye tonge la kwanza, tema, na sufuria nzima imwagwe. Dawa za mzio husaidia. Mwenye pumu, au yeyote anayepumua kwa shida au kuvimba, apelekwe kituo cha afya mara moja bila kusubiri.

Hili linawahusu pia wanaonunua samaki waliokwisha kukaangwa pale sokoni. Wakaangaji wengi ni waangalifu na mafuta yao yanachemka vizuri, lakini mafuta hayarekebishi kilichotokea kabla. Nunua kwa mtu ambaye unaona samaki wake mbichi amewekwa wapi.

Kununua, kukata, kusafirisha

Boti za usiku hurudi alfajiri na asubuhi, na nguru wengi hupitia mnadani. Ukiwa unataka mmoja tu, usihangaike kushindana na wachuuzi kwenye mnada. Wao wananunua wengi na wanamfahamu dalali. Subiri amalize, kisha zungumza na mchuuzi aliyepata. Msalimie, muulize habari za bahari, ndipo uulize bei. Wakati kusi linavuma, kati ya Juni na Septemba, vyombo vidogo hutoka kwa shida na bei hupanda. Kaskazi na siku za maji kutulia unakuwa na nafasi ya kuchagua.

Nenda na deli lako lenye barafu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata isingepigwa, mfuko si chombo cha kubebea nguru. Kanuni ya wataalamu kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Watu huona ni nyingi, lakini kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 70, na foleni ya Tegeta na Mwenge inaweza kuugeuza mwendo wa saa moja na nusu kuwa wa saa tatu.

Mwambie mpaa samaki atoe matumbo na matamvua hapohapo, kwa kuwa ndiko bakteria walikojaa, na aoshe kwa maji safi, si yale ya ndoo aliyooshea samaki wa watu tangu alfajiri. Asimkate vipande kama unasafiri. Mzima huhifadhi ubaridi vizuri zaidi, na asipoenea kwenye deli akatwe mara mbili tu. Mjaze barafu tumboni, mlaze juu ya barafu, mfunike kwa barafu nyingine. Fungua kile kizibo cha chini cha deli ili maji yaliyoyeyuka yatoke.

Ukifika nyumbani, mkate vipande vya mviringo vyenye unene wa vidole viwili, kuanzia nyuma ya kichwa. Uzuri wa nguru ni huo: mfupa mmoja katikati, na miiba midogo ni michache, hivyo hata mtoto anakula bila kusimamiwa sana. Cha leo na kesho weka kwenye friji, sehemu ya chini kabisa yenye baridi. Kinachobaki kifunge kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja na kiingie friza siku hiyohiyo. Kitumie ndani ya miezi mitatu, maana mafuta yake hupata ladha ya ukale. Siku ya kupika kiyeyushe ndani ya friji tangu usiku, wala usikianike juu ya sinki, na kilichoyeyuka kisirudi friza.

Jikoni

Kosa la kawaida kwa nguru ni kumpika mno. Mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi kwa dakika 20. Ukimlaza na ndimu usiku kucha nyama inaiva kwa asidi na kuwa kama makapi. Kwa kukaanga, mfute maji kwanza, mafuta yachemke vizuri, dakika tatu au nne kila upande. Kwa makaa, mchome mpaka nusu, kisha mpake tui zito lililopikwa na viungo, mgeuze, mpake tena.

Kwa mchuzi wa nazi, kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari na tui jepesi, weka ukwaju au vipande vya embe bichi, acha vichemke hadi embe lilainike. Ndipo utie samaki, na usiguse kwa mwiko tena. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa vishikio uitikise. Samaki akianza kuachana na mfupa, tia tui zito, subiri litokote kidogo tu, epua. Wali wa nazi au ugali, vyote vinapokea.

Kichwa usimwachie mpaa samaki. Kipasue katikati, kioshe sana sehemu ya matamvua, kichemshe na chumvi, ndimu, pilipili mbuzi na viazi viwili vitatu kwa nusu saa. Nyama ya mashavuni na ile iliyo nyuma ya jicho ndiyo laini kuliko zote. Kwenye meza yangu hupewa mkubwa wa nyumba au mgeni.